Kanari wa Kuwekesha

Niseme mapema kwamba sikuwapenda wale ndege. Mimi ni mtu wa kuku. Kuku akichoka kutaga anaingia chunguni, na hakuna anayemlilia. Kanari haliwi, habebwi, na akiumwa anavimba manyoya kama mtoto aliyenuna, halafu anakufa bila kuaga. Mume wangu aliwapenda kuliko alivyopenda kahawa yake, na kahawa ya Butembo si kitu cha kuacha ipoe.

Yeye alikuwa seremala. Karakana yake ilitazama barabara, na nyuma ya nyumba, kati ya kabichi na vitunguu vyangu, alijenga kibanda cha mbao za mikaratusi, chenye dirisha la waya upande wa jua la asubuhi. Kwetu kuna baridi, lakini alisema kanari haogopi baridi, anaogopa upepo. Kwa hiyo kila ufa wa kibanda kile ulizibwa vizuri, wakati chumba chetu cha kulala kilikuwa na tundu ambalo nililiona kila asubuhi nikiamka. Nilipomkumbusha, alisema fundi hamalizi nyumba yake.

Ndege wa kwanza walitoka misheni ya Wakatoliki. Padri mmoja mzungu aliyewafuga alirudi kwao vita vilipokaribia, na siku ya kuondoka alimpa mume wangu ndege wote pamoja na vizimba, kwa sababu ndiye aliyevitengeneza vile vizimba. Sisi ni Waprotestanti. Pale misheni kulikuwa na katekista mmoja, mtu wa Beni, aliyekuwa amewalisha ndege wale kwa miaka, na siku hiyo alisimama kando akiangalia wakipakiwa kwenye chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo. Mume wangu aliuona uso ule, na wakati wa chakula akaniambia hawezi kula zawadi ya mwenzake peke yake.

Hapo ndipo alipokumbuka mbuzi. Kwetu mwenye mbuzi hawaweki wote katika zizi moja. Jike anapelekwa kwa rafiki, rafiki anamchunga. Mzao wa kwanza ni wa mwenye mbuzi, unaofuata ni wa mchungaji, hivyo hivyo mpaka jike azeeke. Tunasema umemwekesha mbuzi. Haiandikwi popote. Kuna neno la watu wawili na macho ya majirani, basi. Mtu anayewekeshwa mbuzi na watu wengi ni mtu mwenye jina. Lakini mtu aliyewahi kubadilisha mwana wa mbuzi, akatoa kadhaifu ka kwake na kumficha mnono wa mwenyewe, huyo hawekeshwi hata kifaranga mpaka anazikwa, na watoto wake nao wataangaliwa kwa jicho hilo.

Katekista aliporudi kwao Beni, mume wangu alimwekesha dume na jike wa kanari, kwa sheria ile ile ya mbuzi. Watu walicheka sana. Mzee mmoja wa kanisa letu alimuuliza kama makinda ya kule Beni yatabatizwa kwa kumwagiwa maji au kwa kuzamishwa. Mume wangu alijibu kwamba hilo litategemea zamu ni ya nani. Makinda yalitoka, zamu zikafuatwa, ndege wakapanda na kushuka kati ya Beni na Butembo ndani ya vikapu vya wafanyabiashara, na wanaume wale wawili wakawa marafiki kuliko ndugu wa tumbo moja.

Halafu vita vikaja, vikaenda, vikarudi vikiwa na wakubwa wengine. Siku moja ofisa wa wakubwa hao alipita mbele ya karakana, akasikia sauti nyuma ya nyumba. Aliingia bustanini na askari wake, wakakanyaga kabichi. Alisimama kibandani akisikiliza, akinyoosha kidole: huyu, na huyu, na yule pale. Alichukua wote wanaoimba. Wasioimba aliwaacha, akasema hawana kazi. Kwa kanari wanaoimba ni madume. Majike hulia kidogo tu, tena kwa shida. Kwa hiyo mume wangu alibaki na kibanda kizima cha majike, na mimi nilibaki na kabichi za kulisha sungura wa jirani. Nilimshukuru Mungu kwamba hawakumchukua na yeye. Yeye hakuwa tayari kushukuru bado.

Majike waliendelea kutaga. Mume wangu alikuwa na ujanja wake: yai la kwanza likitagwa analitoa, anaweka mahali pake yai la mti alilolichonga mwenyewe, na la pili hivyo hivyo, mpaka jike amalize, ndipo anarudisha mayai ya kweli yote pamoja ili makinda yatoke siku moja. Sasa aliyarudisha na hayakuanguliwa. Aliyainua mbele ya tochi, moja moja, na ndani mlikuwa na mwanga tu. Jike analala juu ya yai lake kwa imani yote, haoni tofauti kati ya hilo na la mti. Kuliona jambo lile kuliniudhi kuliko nilivyotazamia.

Mimi nilikuwa nauza mafuta ya mawese. Niliyafuata Beni, ambako kuna joto na michikichi, nikayapandisha Butembo kwa lori. Wanaume walikuwa wameacha njia ile. Kwenye vizuizi walishushwa, wakabebeshwa mizigo ya askari, wengine hawakurudi. Sisi wanawake tulitukanwa, tukatozwa, tukapita. Safari moja mume wangu alinisindikiza mpaka kwenye lori.

"Mama ya batoto, utamuambia katekista tunaomba dume moya, ya zamu yetu," alisema. "Asiangalie rangi. Asikilize sauti."

Nilipofika kwa katekista sikumkuta. Alikuwa ameenda Mavivi, ambako watu waliokimbia walikuwa wanalala ndani ya kikanisa. Nilimkuta mke wake, na dereva wangu alikuwa anapiga honi barabarani kama mwehu. Mke wa katekista aliingia kibandani kwao, akatoka na kizimba kidogo kilichofunikwa kitambaa.

"Ndjo hii, mama. Muambie iko inaimba."

Tuliagana mbio mbio. Kitambaa kilifunuliwa kwa mara ya kwanza kule Kalunguta, kwenye kizuizi, askari aliponiamuru nionyeshe nilichoficha. Ndege alikuwa mwekundu. Si mwekundu wa damu. Mwekundu wa mawese, rangi ile ile iliyokuwa imejaa bidoni zangu za mafuta. Askari alisema ni mzuri, akamfunika mwenyewe. Mimi, mtu wa mafuta, niliipenda rangi ile, wala sikuwaza zaidi.

Mume wangu alifunua kitambaa mezani kwetu. Kanari tuliowajua sisi walikuwa wa njano tangu kwa padri.

"Hii ni nini?" aliuliza.

"Ni dume yako."

"Hii ni ndege ya mu pori. Ile ya mu matete, beko bengi kule chini." Kweli katika nyasi za mabondeni wako ndege wekundu, kila mtoto anawajua. "Ya kweli ameiuzisha kwa bakubwa ba askari kule Mavivi. Mimi ananitumia hii."

"Ulisema asiangalie rangi, asikilize sauti."

"Sauti banafundishaka. Rangi banazaliwaka nayo."

Ndege alipoanza kuimba, akaimba kama wale wa padri, mume wangu alisema hata kasuku husema Bonjour na hajawahi kwenda Ubelgiji. Hakumweka pamoja na majike. Alimtundika peke yake pembeni ya kibanda, akimlisha ulezi na mbegu za lengalenga na kiini cha yai kama wengine, maana hakuwa mtu wa kumnyima mnyama chakula kwa kosa la binadamu. Majike walilala tena juu ya mayai matupu, dume akiwaimbia kutoka pembeni. Nilimwambia wewe ni mkaidi. Akasema ndiyo.

Kama angeishia hapo, lingekuwa jambo la nyumba yetu. Lakini siku moja karakanani, wateja wakiwa wamekaa kwenye mbao wanangoja, mtu alimuuliza habari za ndege wake, naye akajibu: "Mbuzi haizalake kondoo. Muulizeni katekista." Ni maneno machache. Lakini Butembo ni mji wa wafanyabiashara, na neno linalosemwa karakanani asubuhi linafika Beni kabla ya lori. Na kwetu kila mtu anajua maana yake: fulani amebadilisha mwana.

Niliporudi Beni katekista alikuwapo. Alikuwa mtu mrefu, mpole, aliyewekeshwa mbuzi na nusu ya mtaa, Wakatoliki na Waprotestanti. Mbuzi hao ndio waliomsomeshea watoto, maana ukatekista haumnunulii mtu hata kalamu. Nilimkuta amesimama kwenye mlango wa zizi. Mama mmoja wa jirani alikuwa anafungua kamba ya mbuzi wake. Alimsalimia katekista kwa heshima, akaniamkia na mimi, akaondoka na mbuzi bila kueleza kitu. Zizini walibaki wachache, kila mmoja kwenye kigingi chake, na vigingi vingine vilikuwa vitupu.

Niliona haya, ingawa neno halikutoka kinywani mwangu. Nilianza kusema kitu, sikumbuki kitu gani. Alinikatiza.

"Shemeji, sina maneno mingi. Umuambie aangalie ndege."

"Anaiangalia kila siku."

"Basi aendelee."

Nilipeleka ujumbe kama ulivyo. Mume wangu alisema huyo anatafuta njia ya kutokea. Lakini niliona kwamba tangu siku hiyo alichelewa zaidi kibandani.

Mvua zilipopungua, dume mwekundu alinyamaza. Mume wangu hakushtuka. Kila mwaka kanari hubadilisha manyoya, na wakati huo haimbi, anakaa amejikunyata. Mimi ndiye niliyefagia kibanda, kwa sababu yeye hakujua kwamba ufagio una ncha mbili. Nilifagia manyoya mekundu kila asubuhi, mengi kuliko nilivyodhani yanaweza kutoka kwenye kitu kidogo vile. Asubuhi moja niliinua macho kumwona mwenye kuyaangusha. Kifuani palikuwa na doa la njano.

Sikusema. Nilitaka aone mwenyewe. Doa likapanuka, likashuka tumboni, likapanda shingoni. Siku zikapita, wekundu ukabaki kwenye ncha za mabawa na mkia tu, halafu hata hapo ukaanza kupungua. Mume wangu alikuwa akitoka kibandani ananawa mikono, anakaa, chai yake inapoa mbele yake. Karakanani alikata mlango wa mteja ukawa mfupi, jambo ambalo halijawahi kutokea. Nilimhurumia, na nilikuwa nimemkasirikia, vyote pamoja. Sijui kama mwanamke aliyeolewa anahitaji kuelezwa zaidi.

Jumapili baada ya ibada alileta beberu mkubwa, akamfunga kwenye mguu wa benchi ya kazi.

"Tutashuka," alisema.

"Njia unaijua ilivyo."

"Ninaijua."

Kwetu aliyemkosea mwenzake kwa neno anapeleka mbuzi, anachinjwa, wanakula pamoja na walioshuhudia, na neno linakufa. Hilo nalijua. Lakini nilijua pia kwamba mume wangu hakuwa amekanyaga njia ile tangu vita vianze. Sikulala vizuri, na nikimgusa nilisikia na yeye yuko macho.

Tulipanda lori juu ya magunia, mimi, yeye, beberu, na kizimba magotini mwake. Karibu na Kalunguta milio ya bunduki ilitoka mlimani. Dereva alisimama, tukashuka, tukalala kifudifudi katika shamba la maharage la watu. Beberu peke yake alibaki amesimama juu ya lori, anatafuna kamba ya gunia. Mume wangu alikuwa amelala amekifunika kizimba kwa koti lake na kwa kifua chake, na nilisikia akiomba kwa Kinande, lugha yetu, sala ndefu, na jina la katekista lilikuwamo kabla ya langu. Milio ikahamia mbali. Kwenye kizuizi askari walimshusha, wakamwangalia, wakaangalia ndege, mmoja akauliza ni dawa ya nini. Nilisema ni mume wangu, anaumwa, tunampeleka kwa ndugu. Haikuwa uongo wote.

Katekista alikuwa ameketi mbele ya nyumba, anachambua maharage pamoja na mke wake. Zizi lilikuwa wazi. Hapakuwa na mbuzi hata mmoja. Kibanda cha ndege nacho, nilichokiona miaka ya nyuma kikiwa na kelele, kilikuwa na magunia mawili ya makaa.

Mume wangu alisimama na kamba ya beberu mkononi. Aliweka kizimba chini, akafunua kitambaa. Dume alikuwa wa njano mwili mzima, kama ukoo wake tangu kwa padri.

Katekista aliinama, akamtazama kwa muda mrefu. Halafu akanyooka.

"Hapana," alisema. "Hii haiko ndege yangu. Yangu ilikuwa nyekundu."

Mume wangu aligeuka rangi. Alifungua kinywa aape kwamba ni yeye, ni yule yule, hajambadilisha, na nadhani hapo ndipo alipolisikia neno lake mwenyewe la karakanani. Alifunga kinywa. Machozi yalimtoka mbele yetu wote, mtu ambaye sikumwona akilia hata tulipomzika mama yake.

Mke wa katekista alikuwa wa kwanza kucheka, kwa huruma. Alitueleza kama anaeleza mapishi. Mwaka uliopita ndege walijikunyata wakaacha kuimba, yeye akaona wameshikwa na mafua. Mume wake alikuwa Mavivi kwa wakimbizi, ulezi wa milimani haukufika tena kwa sababu ya njia, basi akawapa alichowapa watoto wake wakiwa na mafua: pilipili nyekundu iliyosagwa, imechanganywa na mawese na ugali. Walipona, wakatoka wekundu. Walidhani ni joto la Beni, kumbe ni chakula kile kilichoingia kwenye manyoya mapya. Baadaye ugonjwa wa kweli ukaja, ukawamaliza.

"Ile tulikutumia ndjo moya ilibakiaka," alisema. "Batu banatuambia tuifiche. Papa ya batoto akasema hapana, ni zamu ya Butembo."

Mume wangu alinyoosha mkono wenye kamba.

"Ndugu, pokea. Tuchinje, tuite batu."

Katekista alimwangalia beberu. "Wewe ulingoja pamoja na ndege mpaka ibadilike. Mimi niliwangoja batu wanakuja kufungula mbuzi zao. Moya, moya. Ukinipatia nyama leo, kesho batasema nilikula, ni kusema kosa ilikuwa yangu, tukasameheana. Sitaki nyama."

"Unataka nini?"

"Niwekeshe."

Beberu hawekeshwi, hazai. Mume wangu alielewa kabla yangu. Tulirudi Butembo na beberu wetu, kwa njia ile ile, na ndege tulimwacha pale, dume pekee, kizimba kikiwa kimetundikwa mahali palipoondolewa magunia ya makaa. Mume wangu hakugeuka kumwangalia mara ya pili. Kibandani kwetu walikuwa wanamngoja majike tu.

Aliuza beberu, akanunua jike mweupe mwenye mimba. Nilimwambia sasa inatosha, nitampeleka mimi, wanawake tunapita. Alisema hili halipelekwi na mwanamke, na safari hii sikumwita mkaidi. Tulishuka tena, na kikapuni kwangu alikuwamo kanari jike kwa ajili ya dume.

Tulifika Beni mchana wa siku ya soko. Dereva alitaka kutushusha karibu na nyumba ya katekista. Mume wangu alikataa, tukashukia kule juu, mwanzo wa soko. Nilikuwa nimeshika kamba ya mbuzi. Aliichukua mkononi mwangu. Alitembea polepole katikati ya wauza samaki na wauza nguo, na kila aliyemuuliza, na wengi walimuuliza, alimjibu kwa sauti ya mtu anayeimbisha kwaya:

"Ninaipeleka kwa katekista. Ninamuwekesha."